TAHADHARI KISUMU: Kama ulinunua kichezeo kwa huyu kijana wa Kibuye, mnyang'anye mtoto sasa hivi

Kabla ya yote: kama nyumbani kwako kuna zile funguo za gari za kuchezea, za plastiki, zenye rimoti nyekundu inayopiga honi na kuimba, na ulizinunua kwa yule kijana anayetandaza turubai upande wa nje wa soko la Kibuye, mnyang'anye mtoto sasa hivi. Nenda, kisha urudi usome.

Naandika nikiwa na hasira, na aibu pia, kwa sababu mimi ndiye huwa nawaambia watu humu wawe macho.  Kitindamimba wa dada yangu yuko kwangu tangu Pasaka. Alikuwa anatimiza mwaka, na nilitaka apate kitu kipya dukani, si cha kurithi kutoka kwa binamu zake.

Ilikuwa Jumapili, na mnaijua Kibuye ya Jumapili, mvua ilikuwa imenyesha usiku na matope yamefika kwenye vifundo. Kijana huyu alikuwa amejipanga vizuri kuliko wote waliomzunguka. Turubai safi, maboksi yamepangwa kwa ukubwa, kibali cha kaunti kimewekwa ndani ya plastiki na kuning'inizwa kwenye mti wa mwavuli. Wengine pale wanamwaga midoli ya mtumba chini ukachague mwenyewe, ila yeye alikuwa na maboksi. Akaniambia ni mzigo wa ex-UK, wa duka lililofungwa Uingereza, mpya, haujaguswa na mtoto yeyote. Nikamuuliza mbona bei iko chini hivyo, Sh850, wakati supamaketi kitu kama hicho ni zaidi ya mara mbili. Akasema anamaliza mzigo kwa sababu kontena lingine liko njiani. Akaniita nyaminwa, yaani dada kwa Kijaluo. Akasema na yeye ni mzazi.

Nikageuza boksi. Upande wa nyuma, mahali pa kuandikwa namba na jina la kiwanda, pamebandikwa karatasi nyeupe, na juu yake alama ya S ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Nikamuuliza hiyo karatasi ni ya nini. Akajibu ndivyo forodha wanavyofanya, wanabandika ya kwao juu ya ile ya ng'ambo. Nikauliza mbona kifuniko cha betri kimefungwa kwa selotepu na tundu la skrubu liko wazi. Hakubabaika hata kidogo. Skrubu hutolewa ili mteja ajaribu sauti kabla ya kulipa, alisema, na iko ndani ya boksi, nitaipata nyumbani. Akabonyeza, honi ikalia, mtoto aliyekuwa amebebwa karibu yetu akacheka, na watu wawili watatu wakasogea kuangalia.

Sasa hapa ndipo nataka msome polepole, kwa sababu hapa ndipo aliponimaliza. Aliniona bado nasita. Akasema, "Nyaminwa, tusiongee sana, tuwaulize KEBS wenyewe." Akatoa simu yake mwenyewe. Akaandika SM, akaweka alama ya reli (#), akanakili ile namba ya kibali iliyokuwa chini ya alama ya S kwenye boksi, akatuma kwa 20023. Nilimwona kwa macho yangu. Tukangoja. Jibu likaingia, akanisogezea simu karibu na uso, na nikasoma kwamba kibali kipo na hakijaisha muda. Kidole gumba chake kilikuwa kimelala juu ya kioo, upande wa chini wa ujumbe. Nilidhani ni namna tu alivyoishika simu.

Shemeji yangu alituma namba hiyohiyo jioni ile baada ya mambo kuharibika. Jibu lilikuja neno kwa neno, na kibali kweli ni halali. Ni kibali cha sabuni ya unga ya kiwanda kimoja cha hapa Kenya. Kidole cha yule kijana kilikuwa kimefunika jina la bidhaa. Huyu mtu amechukua namba ya sabuni, akaichapisha kwenye karatasi, akaibandika kwenye kichezeo cha mtoto wa mwaka mmoja, kisha akatumia huduma ya meseji ya KEBS wenyewe kunithibitishia uongo wake!

Kuna atakayesema nilipaswa kujua. Nilijuaje? Mtu ana kibali cha kaunti. Mama wa duka la dawa pale mtaa wa Migosi alishanunua kwake kigari cha kutembelea mtoto na hakijamletea shida. Shule moja ya chekechea ilichukua kwake vitu vya darasa zima. Maswali yote ambayo mnunuzi anaambiwa aulize, niliuliza, na kila moja lilipata jibu. Nililipa kwa M-Pesa kwenye namba yake ya kawaida kwa sababu alisema till, namba ya malipo ya biashara, imekwama, na Jumapili mtandao hukwama kweli. Tapeli aliyejitayarisha kiasi hicho hakumpata mzembe, alimpata mtu makini, na angempata yeyote kati yenu.

Skrubu haikuwa ndani ya boksi. Nikaongeza selotepu, nikaizungusha kifuniko chote.

Jioni nikiwa jikoni, honi ikanyamaza. Binti yangu mkubwa akaita kutoka sebuleni, "Mama, mtoto anatafuna kitu." Nilimkuta mate yanamtiririka, ameuma meno. Nilimfungua mdomo nikapata betri, ile bapa ya mviringo inayokaribia upana wa shilingi kumi, imelala kati ya shavu na ufizi. Ukingo wake ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Na pale ilipokuwa imegusa, ufizi wa mtoto ulikuwa na alama ya kijivu, nyama imekuwa kama imechemshwa. Selotepu alikuwa ameitafuna akaibandua. Mtoto ana meno manne tu.

Tulichukua tuktuk hadi hospitali, na daktari, Mungu ambariki, hakutuweka kwenye foleni. Alipiga eksirei kwanza kuhakikisha hakuna nyingine iliyoshuka. Haikuwepo. Alitueleza kitu ambacho kimeninyima usingizi. Betri hii haihitaji kuvuja ili iumize. Ikikutana na mate, umeme wake unapita kwenye nyama yenyewe na kutengeneza kemikali kali inayounguza, na ikikwama kooni inaweza kuunguza kwa kina ndani ya saa mbili. Na mtoto huenda asilie. Anaweza kukohoa, kutapika, kukataa chakula, nawe ukadhani ni mafua ukampa dawa ya mafua. Akasema ukishuku tu, usimtapishe, kimbia hospitali na useme neno betri pale mlangoni, wasimchukulie kama mgonjwa wa kawaida. Ingemezwa, tungekuwa tunaongea mambo mengine humu leo.

Shemeji ndiye aliyebandua ile karatasi nyeupe, taratibu, kwa mvuke wa sufuria. Chini yake kulikuwa na jina la kiwanda, namba ya modeli na tarehe. Akaitafuta namba hiyo kwenye intaneti. Jamani. Kichezeo hiki kilishaondolewa sokoni ng'ambo. Waliotengeneza waliwatangazia wazazi wakirudishe na warudishiwe pesa zao, kwa sababu kifuniko cha betri kinafunguka. Kwa hiyo mzazi wa kule alipewa onyo na hela, na kilekile kikabandikwa karatasi kikaletwa Kibuye kwa mtoto wangu. Karatasi ile haikuwekwa na forodha. Iliwekwa na mtu aliyejua kilichoandikwa chini yake, la sivyo angefunika nini?

Wenzetu hawachezi na haya mambo. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel, kubwa kama ilivyo, iliita virudishwe vichezeo takriban milioni 18 duniani kwa sababu ya sumaku ndogo zinazoweza kung'oka zikamezwa, na mwaka uleule ikarudisha vingine kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi. Marekani mwaka 2022 walipitisha sheria ya betri hizi bapa, inaitwa Sheria ya Reese, jina la mtoto wa Texas aliyefariki baada ya kumeza moja. Hiyo ni ya rimoti na vifaa vya nyumbani, maana kwa vichezeo sharti la kufunga sehemu ya betri kwa skrubu lilishakuwepo. Skrubu moja. Ndiyo huyu kijana anayoitoa, au anayojua haipo, halafu anakwambia iko ndani ya boksi.

Nilimpigia kesho yake. Sikuanza kwa matusi, nilimweleza tu kilichotokea. Mnajua alinijibu nini? "Wewe ndiye wa kwanza kulalamika, mama. Ulikuwa wapi mtoto akila betri?" Sikuwa tena nyaminwa. Nikadai pesa zangu, akasema mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia ninazo picha za karatasi aliyobandika. Akakata simu, akanifungia kila mahali. Jumapili iliyofuata nafasi yake pale Kibuye ilikuwa na mama wa viatu. Jirani zake wanasema amehamia upande wa miji midogo ya Luanda na Maseno, na mwanachama mmoja wa chama chetu ameona picha za turubai lilelile kwenye status yenye jina jipya. Sasa ameongeza zile shanga za maji zinazofura, zile za rangirangi, anaziuzia watoto wadogo. Shanga hizo zikimezwa zinafura tumboni. Mwaka 2023 Marekani waliondoa sokoni pakiti za aina moja baada ya mtoto kufariki. Na huyu anazipima kwa kijiko!

Mimi nataka ashtakiwe. Sitaki aonywe, na sitaki "tuyamalize nyumbani" kama mzee mmoja alivyonishauri eti kijana anatafuta riziki. Riziki gani inayotafutwa kwenye koo la mtoto? Mzigo wake wote uchukuliwe uchomwe mbele ya watu. Aliyemuuzia hayo maboksi kwa jumla atajwe naye, kwa sababu huyu hakusafiri Uingereza kuyachukua. Kuna mtu ana ghala. Na aliyemchapishia zile karatasi zenye namba ya sabuni pia atafutwe. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na fidia akipata hasara au madhara. Hayo hayakuandikiwa watu wa Nairobi peke yao. "Mali ikishauzwa hairudishwi" haiwezi kufuta Katiba hata ikiandikwa kwenye risiti kwa herufi kubwa.

Nimesharipoti polisi nikapewa namba ya OB, kitabu chao cha matukio. Pia nafungua kesi kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Huko hadi madai ya Sh1,000,000 unasikilizwa, huhitaji wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Gharama ya hospitali peke yake ni mara nyingi ya bei ya hicho kitu, ila hata ingekuwa shilingi kumi ningekwenda.

Mliouliza kwenye simu jinsi ya kumtambua mwingine wa aina yake: ujumbe wa 20023 utume kwa simu yako na usome jina la bidhaa mpaka mwisho, usisomewe. Alama ya S huwekwa kwa bidhaa zinazotengenezwa hapa nchini. Kitu kikiwa kimetoka nje, kinatakiwa kibandiko cha ISM, alama ya KEBS ya bidhaa za kutoka nje, kwa hiyo mtu akikwambia "ex-UK" huku anakuonyesha alama ya S, ameshajisema mwenyewe. Karatasi juu ya karatasi, ibandue palepale, akikataa ondoka. Kifuniko cha betri kisicho na skrubu usikipe nyumba yenye mtoto hata kama ni bure. Na huyu wetu ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto na huvaa kofia ya manjano, ingawa sasa pengine ameshaibadilisha.

Jumanne asubuhi naenda ofisi ya KEBS hapa Kisumu nikiwa na boksi, karatasi, betri na barua ya daktari. Simu yao ya bure ni 1545 kwa walio mbali. Mama wa Migosi, kile kigari kigeuze juu chini uangalie kama kimebandikwa karatasi, na mwalimu wa ile chekechea tafadhali nipigie leo, si kesho. Yeyote aliyenunua kwake asitupe chochote. Boksi ni ushahidi, meseji ya M-Pesa ni ushahidi, na jina lililotokea pale ulipolipa ndilo litakalotuonyesha huyu mtu ni nani. Nitumieni, nibebe yote mara moja.