Bistro za Paris kwa mlo wa jioni: ipi kwanza, ipi mwisho

Ukiwa na jioni moja tu Paris, usianze kwa kutafuta bistro, yaani mgahawa mdogo wa Kifaransa. Anza kwa kuamua unataka kula nini. Bistro ya asili haipiki kila kitu wala haijidai kuwa inaweza. Ina vyakula vichache ambavyo imekuwa ikivipika kwa miaka, na watu huvuka jiji zima kukifuata kimojawapo. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kuangalia sahani, na uzuri wa ukumbi nimeuweka nyuma.

Nafasi ya kwanza naipa Joséphine Chez Dumonet, rue du Cherche-Midi, wilaya ya 6, iliyoanza mwaka 1898. Hapa njoo kwa bœuf bourguignon: mapande ya nyama ya ng'ombe yaliyoachwa kwenye moto mdogo ndani ya mvinyo mwekundu mpaka yanakatika kwa uma. Lakini kilichonivutia zaidi hapa ni utaratibu wa nusu sahani. Vyakula kadhaa unaweza kuagiza nusu, na hiyo nusu inamtosha mtu mzima mwenye njaa. Mkienda wawili, mmoja achukue nusu ya bourguignon, mwingine nusu ya confit ya bata, yaani bata aliyeivishwa taratibu ndani ya mafuta, mpokezane. Soufflé ya Grand Marnier, kitindamlo chepesi cha mayai kinachoumuka, iagizeni mwanzoni kabisa, kwa sababu huokwa papo hapo, na ikitoka kwenye oveni inaanza kunywea. Bei iko juu na meza ni chache, kwa hiyo weka nafasi siku kadhaa kabla.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wasiokula nguruwe au wasiotumia pombe, maana wengi wetu tunaosoma Kiswahili tumo humo. Bourguignon ina mvinyo, na kwa kawaida ina vipande vya nyama ya nguruwe, lardons. Coq au vin, kuku aliyepikwa kwa mvinyo, ni vivyo hivyo. Soufflé niliyoisifu ina pombe ya machungwa. Saladi inayoonekana ni majani matupu mara nyingi imenyunyiziwa lardons. Usitarajie nyama ya halali katika bistro hizi. Kimbilio ni samaki, hasa sole meunière, ambaye hupakwa unga, akakaangwa kwa siagi na kukamuliwa limau. Hata hivyo muulize mhudumu kama mchuzi una mvinyo. Swali hilo halimuudhi mtu.

Ya pili ni Bistrot Paul Bert, wilaya ya 11, katika mtaa wenye jina hilohilo. Menyu imeandikwa kwa chaki ubaoni. Chakula chake ni steki ya pilipili manga, nene, na chipsi pembeni. Jikoni wanaipenda ikiwa na wekundu ndani. Kama kwako nyama lazima iive hadi mwisho, agiza kitu kingine, la sivyo utalipia steki ambayo hukuionja. Bakiza nafasi tumboni kwa Paris-Brest, keki ya duara mfano wa gurudumu, yenye krimu ya njugu za hazeli. Jina lake linatokana na mashindano ya baiskeli ya Paris hadi Brest na kurudi, yaliyoanza mwaka 1891.

Ya tatu, Bouillon Chartier, rue du Faubourg Montmartre, si bistro kamili. Bouillon ni supu, na migahawa ya aina hii ilizaliwa katikati ya karne ya 19, pale muuza nyama aitwaye Duval alipoanza kuwauzia wafanyakazi wa Paris supu na nyama kwa bei nafuu. Chartier ilifunguliwa mwaka 1896 na bado inafuata njia hiyo. Unapanga foleni, unakalishwa meza moja na wageni usiowajua, na mhudumu anakuandikia hesabu juu ya karatasi iliyotandikwa mezani. Chakula ni cha kawaida: yai na mayonezi, kuku wa kuoka na chipsi. Kama mna watoto, au mwezi uko kona, ipandisheni hadi nafasi ya kwanza bila kusita.

Allard, wilaya ya 6, naiweka ya nne. Marthe Allard aliifungua mwaka 1932, na mpishi Alain Ducasse akaichukua mwaka 2013. Nendeni wawili, muagize bata na zeituni.

Ya mwisho ni L'Ami Louis, wilaya ya 3. Kuku wake wa kuoka ana sifa dunia nzima, lakini bei yake hupita euro 100. Kwa pesa hiyo wawili wanakula Chartier, wakarudi kesho yake, na chenji ikabaki.

Zikijaa zote, usiingie popote penye picha za chakula mlangoni. Niliwahi kuingia pa namna hiyo karibu na kanisa kubwa, nimechoka na mvua inanyesha, nikaletewa bata aliyepashwa moto, katikati bado baridi. Tafuta menyu fupi, ya Kifaransa, inayobadilika. Maneno fait maison yana maana ya kwamba chakula kimepikwa palepale. Jihadhari na andouillette: inaonekana soseji, kumbe ni utumbo wa nguruwe, na harufu yake inatangulia sahani.

Fika saa moja na nusu jioni, kabla ya hapo majiko mengi hayajawashwa. Omba carafe d'eau, maji ya bomba kwenye jagi, hayalipiwi. Mkate pia haulipiwi, na gharama ya huduma imo tayari ndani ya bei. Ukiridhika, acha euro mbili tatu mezani.