Begi la kuzuia moto na maji: zuri, ila msijaze vyeti tu

Haya mabegi ya kijivu ya kuhifadhia nyaraka ambayo saivi yamejaa Kariakoo na Insta, watu wananiuliza sana kama yanafaa, na jibu langu ni nunua, ila jua unanunua kitu gani. Mi nimechukua saizi ya kuingia karatasi ya A4 na nafasi inabaki, 45,000, lina mkono wa kubebea, kitambaa chake ni nyuzi za kioo zilizopakwa silikoni, ukilishika unasikia ukakasi kidogo.

Kwenye maji limenifurahisha kwa kweli. Nilijaza magazeti, nikafunga zipu mpaka mwisho, nikalizamisha kwenye beseni na tofali juu yake nikaenda zangu kupika, kuja kulitoa magazeti makavu kabisa isipokuwa kona moja pale zipu inapoishia, palilowa upana wa kidole hivi. Kwahiyo kitambaa hakina shida, shida ni zipu, na ndo maana kila kitu humo ndani nimekitia kwanza kwenye ile mifuko ya nailoni ya kubana juu, ya kuwekea nyama kwenye friza.

Moto sasa, hapa tuelewane. Pakiti imeandikwa linahimili nyuzi joto zaidi ya 1,000, watu wakishasoma hapo wanaridhika. Nimepitisha kiberiti cha gesi kwenye kona na ni kweli haikushika. Ila kitambaa kutoungua ni jambo moja na vilivyomo ndani kupona ni jambo jingine, joto linapita tu. Yale makasha ya chuma yanayopimwa kwa kiwango cha UL 72 cha Marekani, ndani yanatakiwa yasizidi nyuzi 177 hivi kwa karatasi, 66 kwa filamu na kanda, 52 kwa disketi, na chumba kikishawaka chote joto linavuka 600. Begi la kitambaa haliwezi kukaa humo likusubiri. Hili ni begi la kunyakua na kukimbia nalo, na ukishatoka bila hilo usirudi ndani jamani, piga 114 zimamoto waje.

Kinachoniuma ni kwamba karibu kila ninayemwona nalo amejaza vyeti. Cheti cha kuzaliwa RITA wanakutolea kingine, kitambulisho NIDA wanakuchapishia kingine, pasipoti Uhamiaji wapo, utazunguka na loss report ya polisi, utapanga foleni na hela itatoka, lakini utapata. Picha ya marehemu baba yako akiwa kijana utaenda ofisi gani wakutolee nyingine?

Mama mkubwa wangu alikuwa anakaa Jangwani mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa Dar na waliopona wengi wakahamishiwa Mabwepande, nje ya mji. Waliokoa TV, godoro, mtungi wa gesi, na albamu ikabaki chini ya kabati. Maji yalipopungua picha zikakauka zimeshikana, walipojaribu kuzibandua sura zikabaki mgongoni mwa picha nyingine. Mle kulikuwa na picha za mwanae wa kwanza aliyefariki mdogo. TV mama mkubwa alishanunua nyingine zamani, ila ya huyo mtoto hana picha hata moja mpaka leo, na akimzungumzia anatuelezea kwa mikono alivyokuwa, urefu hivi, mashavu hivi.

Na picha zile pengine zingepona, hakuna aliyejua. Picha za studio za zamani zikilowa usiziache zikauke zikiwa zimeshikana, zirudishe kwenye maji safi ya baridi ziachane zenyewe taratibu, afu zianike kivulini uso juu, zikiwa nyingi kuliko uwezo wako zitie friza ndani ya siku mbili uzishughulikie baadae. Zile za printa ya wino usizitie majini, wino unatoka.

Ndani ya begi langu kuna kanga ya bibi, pindo lishapauka ila jina bado linasomeka WEMA HAUOZI, na kona moja ina fundo dogo alilokuwa anafungia hela, sijalifungua na sitalifungua. Kuna picha ya babu ya studio amesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi. Kuna kanda ya sauti ya baba akisoma barua kwa ajili ya ndugu zake, na hiyo nishaihamishia kwenye simu na kwa dada yangu kwasababu kanda ndo ya kwanza kufa kwenye joto. Vyeti vimekaa pembeni, nafasi ikibaki.

Nimelitundika kwenye msumari usawa wa kiuno karibu na mlango wa chumba. Maji yanaanzia chini, moshi na joto vinapanda juu, kwahiyo uvunguni hapafai na juu ya kabati napo hapafai. Kila mtu wa nyumbani analijua, hata mdogo wetu wa darasa la tatu nimempa alibebe, akaliweza.

Kwa unyevu wa Dar kumbuka kutia vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ulifungue mara moja moja vitu vipate hewa, maana lisiloingiza maji halitoi unyevu pia. Kabla hujalipa vuta zipu mwenyewe pale pale dukani, geuza ndani nje uangalie mshono, kama silikoni imeanza kumenyuka kwenye mikunjo achana nalo hata wakupunguzie bei, vinyuzi vyake vinawasha ngozi na vikishaingia kwenye kanga havitoki.