TAHADHARI Bukavu: mekanisie wa "jwenti ya kilasi imekufa" na mwenzake wa piesi

Bandugu, wote wenye munaendesha Carina, Corolla, RAV4 na hizi gari zingine za miaka ya 90 zenye zinakunywa maji kila asubuhi, musome hii mpaka chini. Kuko mekanisie moja anazungukaka mu maparking upande wa kupanda Kadutu, siku zingine anashuka mpaka karchie ya Essence, anavaa salopeti safi sana (mekanisie mwenye salopeti safi saa kumi ya jioni, mie hapo tu ningeshamuogopa) na anatembeaka na kijana wa kumubebea sanduku ya vyombo. Anaongea vizuri, anaita kila mutu "mzee wangu", na hana garaje. Jina yake siandike hapa, lakini mchezo yake naeleza yote: anakudanganya jwenti ya kilasi imekufa, ni kusema ile yenye inaziba kati ya kichwa cha moteri (kilasi) na bloku.

Shemeji yangu gari yake ilikuwa inapunguza maji pole pole. Kila asubuhi anaongeza kidogo, haoni maji chini, moshi mweupe hakuna, inapanda tu joto akiwa amebeba batu na anapanda mulima. Ule bwana akafungua kapo, akatoa kifuniko cha radiatere, akaangalia akatingisha kichwa, kisha akamutuma shemeji aende kumutafutia maji ku duka ya pembeni. Aliporudi na bidoni, mafuta ya moteri inaelea juu ya maji mu radiatere. "Mzee wangu, unaona mwenyewe, jwenti ya kilasi imekufa, na kilasi yenyewe imepinda, ukitembeza tena moteri inaungua." Bei: dola 380, kazi na piesi pamoja, avansi 150 hapohapo. Na kama hautaki kufungua kilasi, iko na ndugu anauzishaka moteri za okazio (zenye zimeshatumika) za Dubai, hata leo inaweza kuvalishwa. Shemeji akatoa avansi, njo akanipigia.

Mie nilifika nikaomba kitu moja tu, kuona ile mafuta. Ilikuwa ya rangi ya asali, safi, inaelea juu peke yake na maji chini yake iko wazi kabisa. Batu ba gari bananielewa. Mafuta yenye imepita ku jwenti ya kilasi na imetembea na maji moto mu moteri inapigwapigwa na pompa mpaka inakuwa kama mayoneze, rangi ya kahawa na maziwa, inashika ku mdomo wa radiatere na ndani ya diriti (mipira yenye maji inapitaka), hata ukipitisha kidole inabaki imenata. Haiwezi kubaki safi vile imetoka mu bidoni. Nikavuta joji (ile fimbo ya kupima mafuta), mafuta ya moteri nayo safi, hakuna mayoneze. Nikamuuliza ule kijana wa sanduku iko na nini mu ile chupa ndogo, akaangalia bosi yake, bosi akasema "ni ya kupakaa buloni". Sawa.

Sasa maji ilikuwa inaenda wapi? Tulipeleka gari ku garaje ingine yenye iko na pompa ya kupima presio, ile yenye inafungwa pahali pa kifuniko cha radiatere, iko na manometre juu. Moteri ya baridi, unajaza maji, unapompa mpaka presio yenye imeandikwa ku kifuniko (ku hizi Toyota mingi utasoma 0.9), usipitishe, kisha unaacha dakika kumi ao kumi na tano. Mshale ukibaki pale, nje hakuna fwiti (pahali maji inatokea). Yetu ilishuka mbele ya macho, na kwa torshi tukaona chini ya pompa ya maji kuko katundu kadogo, tone moja, kisha ingine, na mstari wa rangi ya roze imekauka ku bloku mpaka chini. Kale katundu banakatoboa ku fabriki kwa makusudi, sili ya pompa ikiisha maji itokee pale isiingie mu ruluma (beringi ya pompa). Ukiendesha, ule maji unaangukia ku moteri ya moto na unakauka, njo maana asubuhi hauoni kitu chini ya gari. Pompa ikabadilishwa, dola 45 na kazi ndani. Ile 150 mpaka leo haijarudi, na ule bwana akiona namba yetu anakata.

Kitu ingine ya kujua sisi ba Bukavu. Hapa tuko ku metre karibu 1,500 juu ya bahari, maji inachemka ku digri 95 hivi, haifiki 100. Moteri yenyewe inatumikaka karibu na 90. Presio ya kifuniko njo inazuia isichemke, kwa hiyo kifuniko chenye mpira umekauka kinatosha kabisa kukuchemshia gari mu mulima, na ule bwana atakuambia ni kilasi. Kifuniko ni dola chache! Anza pale, kisha angalia diriti ku mafungio, diriti ndogo za shofaji (ya kupasha joto ndani ya gari) kule nyuma zenye batu banasahauka, masikio ya plastiki ya radiatere pale inaungana na alimini, na jwenti ya termostati. Alama ni rangi kavu, nyeupe, kijani ao roze. Na gari ikiwa moto usifungue kifuniko hata kama mutu anakuharakisha, maji inaruka inakuunguza uso.

Sisemi jwenti ya kilasi haikufake, inakufa. Lakini ipimwe. Kuko dawa ya rangi ya bluu, unavutisha ndani yake hewa ya mu radiatere moteri ikiwaka, kama gazi ya moteri inapita inageuka njano ku gari za esanse. Na kama gari ni otomatiki na unaona mafuta mu maji, uliza kwanza radiatere, juu mafuta ya buwate (giaboksi) inapitaka ndani yake kupoa, pale pakitoboka inachanganyika na maji na kilasi haina kosa.

Mwenzake wa piesi naye mumuchunge. Radiatere "mupya" zake zingine ni za okazio zimepakwa rangi nyeusi, kwaruza na ufunguo pa kona pasipoonekana utaona. Ile likidi ya kijani anauzisha mu bidoni bila etiketi ni maji na rangi tu, haitelezi hata kidogo ukiisugua mu vidole. Musionje, ile ya kweli ni sumu na ni tamu, mufiche mbali na batoto. Na unga wake wa kuziba fwiti, wacha kabisa, unaziba fwiti na unaziba radiatere pamoja.

Mutu akikuambia kilasi, muambie apime presio mbele yako, na usiondoke karibu na kapo, hata akikutuma maji, muache ule kijana aende. Na kama ulishamupatia avansi, niandikie inbox na unitumie mesaje zake zote na risiti kama iko, tuko tayari batu kadhaa, tunataka kwenda kuona shefu wa karchie pamoja kabla hajahamia upande mwingine.