Programu ya ramani na foleni: kwa kuendesha nzuri, kwa kuchagua nyumba iliniponza (nyota 3 kati ya 5)

Hii programu ya ramani nimeitumia miaka minne sasa, ile inayoonyesha foleni kwa rangi, na kwa mtu anayeendesha kila siku kwakweli sina neno baya. Inasoma mwendo wa simu za watu walioko barabarani ndo inajua wapi pamesimama, ajali ikitokea mbele unaambiwa mapema, na ukishaondoka muda inaokupa wa kufika unapishana na ukweli dakika mbili tatu tu.

Shida ni kwamba mi niliitumia kuchagua pa kuishi. Watoto wanakua, nyumba za mjini kodi haishikiki, dalali akatupeleka nje ya mji kwenye makazi mapya, ilikuwa Jumapili mchana. Nikafungua simu, dakika 28 mpaka kazini, mstari wa kijani mwanzo mwisho, tukasaini. Jumatatu ya kwanza nilitumia saa moja na dakika 20. Kumbe kuna sehemu ya kuweka siku na saa unayotaka kufika, ukiweka Jumanne saa mbili asubuhi inakupa picha tofauti kabisa, kitu kama dakika 40 hadi 90, lakini wameificha ndani ndani huko mpaka uitafute wakati mtu anayehama ndo anaihitaji kuliko wote. Jamani itoeni mbele.

Ila linaloniuma zaidi ni hili. Sisi watu hatupimi umbali kwa kilomita, tunapima kwa dakika. Barabara ikiwa nyepesi tunasogea mbali zaidi kwenye ardhi ya bei ndogo, anakuja jirani, anakuja mwingine, mashamba yanakatwa viwanja, shule hakuna, zahanati hakuna, hata mkate unafuata kwa gari, na wote asubuhi tunatokea kwenye barabara ile ile moja. Ule mstari wa kijani uliokuleta unageuka mwekundu na aliyeugeuza ni wewe na wenzio. Kwetu imechukua miaka mitatu tu. Halafu wanasema barabara itapanuliwa, sawa, lakini mchumi wa Marekani Anthony Downs alishaandika tangu 1962 kwamba njia kubwa za mjini zikiongezwa uwezo foleni ya saa za kazi inarudi pale pale, na kule Houston barabara ya Katy Freeway ilipanuliwa ikakamilika 2008, kuna sehemu ina njia 26 ukihesabu na zile za pembeni, lakini kati ya 2011 na 2014 safari ya jioni ikaongezeka muda kwa zaidi ya nusu. Njia 26!

Sasa programu inakuonyesha leo tu. Rekodi za nyuma si ndo wanazotumia kukadiria hiyo Jumanne asubuhi, basi waweke kitufe kinachoonyesha njia hii mwaka juzi ilikuwa dakika ngapi, mwaka jana ngapi, sasa ngapi, mtu aone inaelekea wapi kabla hajaweka akiba yake yote pale. Hii ndo nyota ya kwanza niliyokata.

Ya pili nimekata kwa sababu ya michepuko. Barabara kuu ikijaa inamwaga magari kwenye vijia vya makazi, kwa dakika nne za kuokoa watoto hawawezi tena kuvuka kwenda kucheza, na hakuna sehemu ya kuiambia nipitishe barabara kubwa hata kama nitachelewa. Upande wa mabasi uko kawaida, unasaidia.

Kama unatafuta nyumba, usiangalie ukiwa na dalali mchana. Fungua siku ya kazi saa moja na nusu asubuhi, siku tatu mfululizo, na jioni pia kwa njia ya kurudi, halafu hesabu viwanja vitupu vilivyobaki hapo mtaani maana kila kimoja kitakuja na gari lake.