Mtego wa feromoni wa nondo wa nyanya, baada ya majuma sita shambani Kabare

Mtego huu niliununua Kadutu, mtaa wa mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwezi wa tatu, katika duka moja la mbegu na dawa za kilimo, kwa dolari 9. Ndani ya boksi mlikuwa na kibanda cha plastiki nyeupe chenye umbo la paa, karatasi mbili za gundi, kidonge cha mpira kilicholoweshwa feromoni, yaani harufu ya nondo jike inayowavuta madume, na kijikaratasi cha maelezo. Umetengenezwa kwa ajili ya Tuta absoluta, nondo ambaye wakulima wa Tanzania wanamwita Kantangaze, aliyeelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1917 kutoka Peru, akafika Hispania mwaka 2006 na baada ya hapo akaenea Afrika. Jina lake halihusiani hata kidogo na matuta ya shambani, ingawa jirani yangu bado hajakubali.

Kwa kazi ya kumtambua mdudu, mtego huu unastahili sifa. Madume huruka zaidi alfajiri, na asubuhi ya kwanza nilikuta 11 wamenasa. Ukiwatazama kwa macho matupu utadhani ni majivu yaliyodondoka, lakini kwa kioo cha kukuza wanaonekana vizuri: urefu wa milimita 5 hadi 7, rangi ya kijivu kama fedha iliyochakaa, madoa meusi kwenye mabawa ya mbele, na vipapasio vyembamba vyenye pingili kama shanga. Watazame siku hiyohiyo, kwa sababu gundi hubandua magamba ya mabawa, na nondo asiye na magamba hatofautiani na jamaa yake anayeshambulia viazi, Phthorimaea operculella. Hapo hata mtaalamu hulazimika kuchunguza viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini.

Kijikaratasi cha maelezo ndicho kilichoniudhi. Picha iliyochapwa juu yake kuonyesha «dalili za nondo» ina mstari mweupe, mwembamba, unaojipindapinda juu ya jani, na hiyo ni kazi ya inzi wa Liriomyza. Kiwavi wa Tuta hula nyama ya jani kati ya ngozi ya juu na ya chini, akaacha baka pana, jeupe, linalopitisha mwanga, lenye kinyesi cheusi ndani yake. Ukilipasua baka hilo utamkuta kiwavi mwenye kichwa na miguu, na nyuma ya kichwa ana ukanda mweusi. Hukua kutoka urefu usiofika milimita 1 hadi kama 7.5. Funza wa inzi hana miguu wala kichwa kinachoonekana. Tena kiwavi huyu aweza kutoka katika jani moja akaingia jingine, au akatoboa tunda karibu na kikonyo. Mkulima anayefuata picha ile atapiga dawa ya nondo kwa ajili ya inzi, na atarudi dukani kulalamika kwamba dawa ni bandia.

Boksi linadai pia kwamba mtego «unamaliza» wadudu, na dai hilo silikubali. Feromoni ni harufu ya jike, kwa hiyo huwavuta madume peke yao. Dume mmoja aliyesalia hupanda majike kadhaa, na jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 260, huku pupa wengi, yaani viwavi wanaogeuka kuwa nondo, wakiwa wamelala udongoni ambako mtego haufiki. Katika joto la nyuzi 20, ambalo haliko mbali na letu la Bukavu, yai huchukua siku 40 hivi kuwa nondo. Kwenye nyuzi 27 siku 24 zinatosha, kwa hiyo wenzetu wanaolima bondeni Ruzizi wana muda mfupi zaidi wa kujipanga. Mimi niliutumia mtego kama saa ya kuniamsha: idadi ilipopanda, nilichuma majani yenye mabaka na kuyafukia kwa kina, nikang'oa na mnavu uliokuwa ukingoni, kwa kuwa nao humlisha.

Karatasi za gundi ni hafifu kwa mvua zetu za mwezi wa nne. Kila moja ilidumu chini ya majuma mawili kabla ya kujaa vumbi na maji. Kidonge, kilichoandikiwa majuma sita, kilichoka katika juma la nne, wakati mabaka mapya yalikuwa bado yakitokea. Sina hakika kama kosa ni la mtengenezaji. Mama aliyeniuzia alikuwa mkarimu na mvumilivu wa maswali, lakini vidonge vyake vilikuwa vimepangwa dirishani, juani, ilhali feromoni hutakiwa kuhifadhiwa mahali pa baridi. Kibanda nimebaki nacho, bado kizima. Kidonge kipya nimekinunua kwingine, kwa muuzaji anayeviweka ndani ya friji pamoja na soda zake.