Thunderbird na kazi ya kuhamia kompyuta mpya
Anayesoma barua pepe kwenye kivinjari tu hahitaji maelezo haya. Mimi nina akaunti nne ndani ya Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta; mojawapo ni ya POP (njia ya kushusha barua kwenye kompyuta), ya zamani, ambayo barua zake hazipo tena kwenye seva. Zimebaki kwenye diski yangu peke yake, kwa hiyo kuhama kwangu si jambo la kuandika upya nywila nne nikamaliza.

Tangu toleo la 102 la mwaka 2022, programu hii ina njia yake rasmi. Fungua menyu ya Tools, chagua Export, upate faili moja ya zipu; kwenye kompyuta mpya nenda Import uielekeze kwenye faili hiyo. Akaunti, vitabu vya anwani, saini na vichujio vyote hurudi mahali pake. Kwa mwenye barua chache, kazi imekwisha. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: mwisho wa kinachoweza kubebwa ni GB 2. Mtu mwenye barua na viambatisho vya miaka mingi hupita hapo mapema, naye ndiye hasa anayeihitaji zana hii.

Ndiyo maana mimi hubeba kwa mkono folda ya profaili, yaani ile ambamo programu huweka barua na mipangilio yangu, na hapa ndipo Thunderbird inapopata nyota zangu. Kila kitu kiko wazi ndani ya folda moja, hakuna kilichofichwa. Kwenye Windows iko chini ya AppData\Roaming, kwenye Linux inaitwa .thunderbird. Funga programu kwanza, kisha nakili. Mipangilio ya akaunti iko kwenye prefs.js. Nywila ziko kwenye logins.json, lakini hazisomeki bila key4.db, ukiacha moja, umebeba sanduku bila ufunguo. Ukizibeba zote mbili kwenye flashi bila kuweka nywila kuu (ile inayofunga nywila zote zilizohifadhiwa), yeyote atakayeiokota ameshaingia kwenye akaunti zako.

Wengi hushauri kuiacha folda ya ImapMail ili kupunguza mzigo, kwa kuwa barua za IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva, zitashuka tena kutoka huko. Ni kweli, ila vichujio vya akaunti hizo vinakaa humo humo, kwenye faili iitwayo msgFilterRules.dat. Chukua hiyo angalau. Folda ya Mail, yenye barua za POP, haiachwi kamwe.

Kompyuta mpya iwe na toleo lile lile au jipya zaidi, maana toleo la zamani hukataa profaili iliyokwisha kufunguliwa na jipya. Na programu ikifunguka tupu usianze kuunda akaunti upya. Mara nyingi imejitengenezea profaili nyingine tu; ingia about:profiles, ukurasa wa ndani ya Thunderbird wa kusimamia profaili, uichague ile uliyoileta.

Kwa simu mambo ni mepesi zaidi. Thunderbird ya Android ilitoka Oktoba 2024, na ile ya kompyuta inaweza kuipa mipangilio kwa msimbo wa QR, pamoja na nywila ukitaka. Hapo sina lalamiko. Ila usiufungue msimbo huo ukiwa mkutanoni na skrini yako inaonekana na wote.