Ryzen 5 5600G: kompyuta ya mezani bila kadi ya michoro

Kwa anayeunda kompyuta ya mezani kwa bajeti ndogo, hii ndiyo prosesa ninayoipendekeza bila kusita. Ilitoka 2021, ina koa 6 (core, yaani sehemu zinazochakata kazi), na michoro ya Radeon imo humohumo, hivyo hulazimiki kununua kadi ya pembeni. Mimi nahariri video za harusi za 1080p na mambo yanakwenda.

Ila ramu usiifanyie ubahili. Michoro yake inatumia kumbukumbu ya ramu hiyohiyo, kwa hiyo weka vipande viwili vya GB 8, siyo kimoja cha GB 16, maana viwili hufanya kazi kwa pamoja na kumbukumbu inakuwa na kasi zaidi. Kwenye gemu tofauti utaiona papo hapo. Wauzaji wengi hawakwambii hili, na linaniudhi sana.

Kuifunga si kazi. Pembetatu ya dhahabu iliyo kwenye kona ioane na alama ya soketi (mahali prosesa inapokaa kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta), halafu iache ikae yenyewe, usiikandamize. Feni imo ndani ya boksi na dawa ya joto, ile inayopitisha joto kutoka kwa prosesa hadi feni, imeshapakwa. Ng'oa kwanza vishikio vya plastiki vya mazabodi, kisha kaza skrubu nne za feni kwa mshazari, kidogo kidogo. Ukichukua mazabodi ya B450, hakikisha biosi (programu ya mazabodi inayowasha kompyuta) imesasishwa ili iitambue prosesa hii kabla hujalipa.